Jinsi ya kueleza na kuainisha spishi ya fukusi

Ukimpata fukusi usiyemjua, usianze kuwaza jina la kumpa. Anza kwa kutafuta kama tayari analo. Fukusi waliokwisha kupewa majina ya kisayansi wanazidi spishi 60,000, na maelfu yao walielezwa katika karne ya 18 na ya 19 kwa mistari michache ya Kilatini, bila picha, huku kielelezo chenyewe kikiwa kimechomwa pini kwenye droo ya makumbusho fulani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni kulinganisha. Kuandika maelezo yenyewe kunaweza kuisha kwa siku chache. Kulinganisha kunaweza kula miaka. Mwongozo huu unafuata kazi jinsi inavyokwenda mezani, na nitakaa zaidi pale watu wanapokwama.

Vifaa si vingi. Unahitaji hadubini ya kupasulia inayokuza angalau mara 40, taa, vibanio vyembamba viwili, pini za wadudu, kadi nyeupe ngumu, gundi inayoyeyuka kwa maji, ethanoli, gliserini na potasiamu haidroksaidi. Kati ya hivyo vyote, taa ndiyo hupuuzwa. Fukusi wengi wanang'aa, na wengine wamefunikwa magamba yanayorudisha mwanga. Taa kali ikiwapiga moja kwa moja huoni vishimo wala mifuo, unaona doa jeupe tu. Zungushia kielelezo karatasi nyembamba nyeupe ili mwanga upenye humo na kusambaa. Hilo halikugharimu kitu, na linafaa kuliko kununua lenzi kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Kusanya wengi, na uandike walikotoka

Fukusi mmoja hatoshi. Unahitaji dume na jike, wakubwa na wadogo, na ikiwezekana waliotoka zaidi ya sehemu moja, ili ujue spishi yenyewe inabadilika kiasi gani. Wapo walioeleza spishi mpya kwa kielelezo kimoja na kazi yao ikasimama, lakini hiyo ni dharura.

Fukusi akishtuka hukunja miguu, hujiachia na kuanguka, kisha hulala kama mfu. Mkusanyaji anayemnyooshea mkono humkosa. Mwenye kitambaa cheupe humpata. Tandaza kitambaa au mwavuli uliogeuzwa chini ya tawi, ligonge kwa fimbo mara moja kwa nguvu, kisha subiri. Kwa dakika nzima utaona takataka tu, halafu baadhi ya takataka zitaanza kutembea. Wanaoishi kwenye majani makavu ya msituni hupatikana kwa kuchekecha majani hayo na kuyaning'iniza kwenye mfuko wa wavu ndani ya kitambaa, ili wadudu washuke wenyewe kadiri majani yanavyokauka. Wa ndani ya mbegu, matunda na mashina ni bora kuwalea: weka tunda lenye buu kwenye chupa yenye hewa na umngoje mdudu mzima atoke. Ukimlea utajua kwa hakika anakula mmea gani, jambo ambalo kumwokota juu ya jani hakukuthibitishii, kwa sababu huenda alikuwa anapumzika tu.

Gawa ulichokusanya. Wachache waingie kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi na wahifadhiwe kwenye baridi kwa ajili ya DNA. Wengine wauawe kwa mvuke wa ethili asetati na wakaushwe. Wenye magamba au unga juu ya mwili, kama wale wa jenasi Lixus (jenasi ni kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu), wasikae kwenye kimiminika kama unaweza kuepuka, maana unga huo huoshwa na ni sehemu ya sura yao.

Kabla ya yote hayo, pata kibali. Hifadhi zina taratibu zake, na nchi nyingi zina sheria juu ya viumbe vinavyotoka mipakani mwao, hasa tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa juu ya matumizi ya viumbe hai na kugawana faida zake, ilipoanza kutumika mwaka 2014. Jarida zuri litakuuliza, na makumbusho hayatapokea vielelezo visivyo na karatasi zake.

Hatua ya 2: Mchome, mbandike, muwekee lebo

Fukusi mkubwa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, nyuma kidogo ya bega. Wa chini ya milimita 8 hivi hubandikwa kwa gundi kwenye ncha ya kikadi cha pembetatu, upande wa kulia wa kifua, ili upande wa kushoto na tumbo vibaki wazi kuangaliwa. Gundi iwe kidogo. Nimeona vielelezo vya thamani vilivyozamishwa kwenye gundi mpaka nyonga zote zimefichika, na mtu wa pili analazimika kuvilowanisha upya kabla ya kuona chochote.

Lebo ibebe nchi, mkoa, mahali, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji, mmea na njia ya kukamatia. Mwezi uandikwe kwa namba za Kirumi: 3.iv.2019. Ukiandika 3.4.2019, mtu wa nchi nyingine atasoma Machi 4. Kielelezo kisicho na lebo ni pambo.

Hatua ya 3: Hakikisha ni fukusi, kisha tafuta familia

Pua ndefu si ushahidi tosha, wala kukosa pua si ushahidi. Mdudu wa kunde wa jenasi Callosobruchus huitwa fukusi ghalani, lakini yumo katika familia ya mbawakawa wa majani, Chrysomelidae. Dumuzi, Prostephanus truncatus, yuko Bostrichidae. Kwa upande mwingine, wadudu wa magome ya miti, Scolytinae, ni fukusi kamili ingawa pua yao ni fupi kiasi cha kutoonekana.

Anza na vipapasio. Vikiwa na kiwiko, yaani kipande cha kwanza ni kirefu kisha vinapinda ghafla na kuishia na rungu lililoshikamana, karibu kila mara uko ndani ya Curculionidae, familia kubwa kuliko zote za kundi hili. Vikiwa vimenyooka, fikiria familia nyingine. Anthribidae wana pua fupi na pana, na mdomo wa juu unaoonekana kama kipande cha peke yake. Attelabidae ni wale ambao wengi wao hukunja majani ili kutaga ndani yake. Brentidae mara nyingi ni wembamba. Humo ndimo waainishaji wengi humweka Cylas, fukusi wa viazi vitamu mwenye umbo la siafu.

Ndani ya Curculionidae, nusu-familia hutafutwa kwa dalili ndogondogo. Entiminae wana pua fupi na pana, na wengi wana kovu kwenye taya: wakiwa wachanga walikuwa na jino la ziada lililowasaidia kutoka ardhini, likakatika na kuacha alama ya duara. Cryptorhynchinae wana mfereji chini ya kifua ambamo pua hulala wakijikunja. Dryophthorinae, kundi la fukusi wa nafaka, wa migomba na wa minazi, wana vipapasio vilivyojishikiza karibu na mzizi wa pua, na rungu lao ni ling'avu chini na lenye vinyweleo kama sponji kwenye ncha.

Usitegemee rangi hata kidogo katika hatua hii. Na usihesabu vipande vya wayo haraka. Vinaonekana vinne, lakini ni vitano: cha nne ni kidogo mno na kimejificha kati ya mapande mawili ya kile cha tatu.

Hatua ya 4: Tambua jinsia, kisha fungua tumbo

Hapa ndipo anayeanza hurudi nyuma, na hapa ndipo spishi nyingi za fukusi zinapotofautiana kweli.

Jinsia kwanza. Kwa kawaida jike ana pua ndefu zaidi, nyembamba na laini, kwa kuwa wengi huitumia kutoboa shimo la kutagia yai. Dume ana pua fupi, nene na yenye vishimo vingi, na mara nyingi kipande cha kwanza cha tumbo lake kimebonyea katikati. Kwa Cylas kuna njia rahisi zaidi: kipande cha mwisho cha kipapasio cha dume ni kirefu kama fimbo, cha jike ni kifupi na cha umbo la yai. Usishangae ukikosa madume kabisa. Baadhi ya Entiminae, mfano Otiorhynchus sulcatus, huzaana bila dume, na hapo itabidi ushahidi wako utoke kwa majike na kwenye DNA.

Kupasua kunakwenda hivi. Loweka kielelezo kikavu kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni mpaka viungo vilegee. Kwa mdogo ni saa chache, kwa mkubwa ni usiku kucha. Kishike chali chini ya hadubini, ingiza ncha ya pini iliyopindwa kati ya kifua na kipande cha kwanza cha tumbo, na uzunguke taratibu mpaka tumbo liachie lote. Usivute, fukusi wana ganda gumu kuliko wadudu wengi, na ukivuta kwa nguvu utavunja vipande vya pembeni ambavyo utavihitaji baadaye. Weka tumbo hilo kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Likiachwa kwenye joto la kawaida linahitaji usiku mmoja. Likipashwa moto kwa upole ni dakika chache, lakini usiondoe jicho. Dawa hii inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo vaa miwani na glavu. Nyama ikishalainika na kuwa kama ute, hamishia kwenye maji yenye tone la siki ili kuzima dawa, kisha toa viungo vya uzazi kwa kibanio.

Kwa dume unatafuta uume, mrija mgumu wa rangi ya kahawia wenye mikono miwili inayorudi nyuma, pamoja na pete inayouzunguka. Kwa jike unatafuta mfuko wa kuhifadhia manii, ambao mara nyingi ni kama ndoano iliyopinda, na kijiti kigumu cha kipande cha nane cha tumbo. Vitumbukize kwenye gliserini na uviangalie kwa juu, kwa ubavu na kutokea kwenye ncha. Pande zote tatu, kila mara, kwa sababu umbo linaloonekana sawa kwa juu linaweza kutofautiana sana kwa ubavu. Ukimaliza, tumbo bandika kwenye kadi chini ya kielelezo chake, na viungo viweke kwenye kichupa kidogo cha gliserini kinachochomwa kwenye pini ileile. Vikitengana na mwenyewe, umepoteza vyote viwili.

Kuna haja gani ya mateso haya? Tazama fukusi wa nafaka. Sitophilus oryzae na Sitophilus zeamais wote ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, wote wana mabaka manne ya rangi nyekundu-njano kwenye mabawa magumu, wote wana vishimo vya mviringo kwenye kifua, na wote wana mabawa ya ndani. S. zeamais huelekea kuwa mkubwa zaidi, lakini ukubwa wao hugongana na hutegemea pia punje alimokulia. Kwa miaka mingi majina yao yalichanganywa, mpaka mtaalamu wa fukusi Guillermo Kuschel alipolitatua suala hilo mwaka 1961. Uume wa S. zeamais una mifuo miwili ya urefu upande wa juu, wa S. oryzae ni laini na umebinuka sawasawa. Kwa majike, kile kijiti kigumu cha kipande cha nane, ambacho hapa kina umbo la Y, kina matawi yaliyochongoka na kuachana katika S. zeamais, na katika S. oryzae matawi ni ya mviringo na yamekaribiana. Ghala nzima inaweza kuwa na spishi zote mbili, na hakuna mtu atakayezitenga kwa uhakika kwa kuangalia mgongo peke yake. Wa tatu wao, S. granarius, ni rahisi: hana mabawa ya ndani, hana mabaka, na vishimo vya kifua chake ni virefu badala ya kuwa duara.

Hatua ya 5: Linganisha na kila jina linalowezekana

Ukishapata jenasi, orodhesha spishi zote zilizowahi kuelezwa humo, pamoja na majina yaliyofutwa. Katalogi ya dunia ya familia na jenasi za fukusi iliyochapishwa mwaka 1999 ni mahali pazuri pa kuanzia, na maandiko ya zamani mengi yanasomeka bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Usiishie kwenye spishi za eneo lako. Fukusi husafiri ndani ya mbegu, miche na mbao, na si ajabu "spishi mpya" ya bara moja ikawa spishi ya kale ya bara jingine.

Kisha soma maelezo ya awali, na utaona hayatoshi. Waandishi wa zamani walieleza rangi na urefu, mara chache zaidi ya hapo. Hivyo inabidi uone vielelezo asili, yaani vile ambavyo jina lilifungwa kwavyo: kwa maelezo ya kisasa ni holotaipu moja, kielelezo kimoja kilichoteuliwa kubeba jina, kwa ya zamani mara nyingi ni kundi la vielelezo visivyoteuliwa. Mwandikie mtunzaji wa mkusanyiko, mweleze unachotaka kuona, na uombe picha za pande mahususi: kichwa kwa ubavu, tumbo, muundi wa mguu wa mbele. Ombi la "picha nzuri" litakuletea picha ya mgongo, ambayo umeshaiona.

Tengeneza jedwali. Safu za kushuka ni spishi, safu za kulala ni sifa, na kila kisanduku kijazwe na ulichokiona kwa macho yako, au kiandikwe kwamba kimetoka kwenye maandishi. Jedwali hili ndilo litakalokuwa ufunguo wako wa utambuzi baadaye, na ndilo litakuonyesha mapema kama unajidanganya: kama fukusi wako hatofautiani na jirani yake kwa sifa yoyote isipokuwa rangi, simama hapo.

Hatua ya 6: Amua kama ni spishi kweli

Unatafuta tofauti zinazokwenda pamoja na zisizo na ngazi za katikati. Tofauti moja inayopungua kidogokidogo kutoka mlima mmoja hadi mwingine ni mabadiliko ya kimahali. Tofauti tatu zisizohusiana, kwa mfano umbo la uume, idadi ya meno kwenye paja na mmea wa chakula, zikitokea pamoja kwa kila kielelezo, hapo una hoja.

DNA inasaidia sana, hasa kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 ambacho hutumika kama kitambulisho cha wanyama. Ila isimame pamoja na umbo, isiwe peke yake. Mfano wenye funzo ni wa fukusi wakubwa wa minazi, Rhynchophorus ferrugineus na R. vulneratus. Kwa muda mrefu walitenganishwa kwa rangi. Mwaka 2004 wakaunganishwa kuwa spishi moja kwa sababu rangi zao hazikuwa na mpaka. Mwaka 2013 ushahidi wa DNA ukawatenganisha tena. Fukusi aliyepatikana California mwaka 2010 na kutangazwa kuwa R. ferrugineus akaonekana kuwa yule mwingine. Kwa watu wenye minazi hilo si suala la vitabuni, maana mitego, udhibiti na historia ya mdudu vyote hufuata jina.

Upande wa pili kuna Trigonopterus, fukusi wadogo wasioruka wa misitu ya New Guinea na visiwa jirani. Alexander Riedel na wenzake walieleza spishi 101 za jenasi hiyo katika kazi moja mwaka 2013, wakitumia COI kupanga makundi, picha za viungo vya dume kuyathibitisha, na maelezo mafupi ya maneno. Wapo wanaoona maelezo hayo ni mafupi mno. Mimi naona kwa jenasi yenye mamia ya spishi zisizo na majina, kasi hiyo ina haki yake, mradi picha ni nzuri. Kwa jenasi ndogo ambayo unaeleza spishi moja tu, huna kisingizio cha kuandika kwa ufupi.

Hatua ya 7: Pima, kisha andika

Urefu wa mwili wa fukusi hupimwa bila pua, kutoka ukingo wa mbele wa macho hadi ncha ya mabawa magumu, kwa kuwa kichwa huinama na pua hubadilisha kipimo kila kielelezo kinapogeuzwa. Waandishi wengine huanzia ukingo wa mbele wa kifua. Lolote utakalochagua, litaje. Uwiano una maana kuliko urefu mtupu: urefu wa pua kwa urefu wa kifua, upana wa mabawa kwa upana wa kifua, urefu wa kipande cha kwanza cha kipapasio kwa cha pili. Toa kiwango cha chini, cha juu, na idadi ya waliopimwa.

Maandishi yana sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ubainishi: aya fupi inayosema huyu anatengana vipi na jamaa zake wa karibu. Ya pili ni maelezo kamili ya mwili. Msomaji mwenye haraka husoma ubainishi tu, kwa hiyo uandike kana kwamba ndio pekee utakaosomwa. Huu hapa mbovu:

"Fukusi mdogo, wa kahawia, mwenye pua ndefu na mabawa yenye mistari."

Hakuna neno la uongo hapo, na hakuna neno linalosaidia. Linganisha na huu, kwa S. zeamais:

"Anafanana na S. oryzae kwa vishimo vya mviringo kwenye kifua, mabaka manne kwenye mabawa magumu na mabawa ya ndani yaliyokamilika. Anatengana naye kwa uume wenye mifuo miwili ya urefu upande wa juu (katika S. oryzae ni laini, umebinuka) na, kwa jike, kipande cha Y chenye matawi yaliyochongoka na kuachana (katika S. oryzae ni ya mviringo, yamekaribiana). Anatengana na S. granarius kwa kuwa na mabawa ya ndani na kwa umbo la vishimo vya kifua."

Kila dai lina mpinzani wake pembeni. Huo ndio mtindo.

Maelezo kamili hufuata mpangilio wa kutoka mbele kwenda nyuma: rangi na magamba, pua, macho, vipapasio, kifua, mabawa magumu, miguu, tumbo, viungo vya uzazi. Kwenye vipapasio hesabu vipande kati ya kile kirefu cha kwanza na rungu. Wengi wa Curculionidae wana saba, Sitophilus na jamaa zake wana sita. Kwenye mabawa magumu eleza mifuo, ambayo kwa kawaida ni kumi, vishimo ndani yake, na nafasi kati ya mfuo na mfuo: ni bapa, zimeinuka, zina magamba safu ngapi. Kwenye miguu taja meno ya paja na umbo la ncha ya muundi, ambako kuna ndoano au miiba yenye thamani kubwa kwa uainishaji. Kucha nazo ziangalie: ziko huru, zimeungana mzizini, au zina jino?

Epuka maneno kama "kubwa kiasi" yasiyo na cha kulinganishia. Andika "vishimo vina upana unaozidi nafasi iliyo kati yake", na mtu yeyote mwenye hadubini ataweza kukukagua. Picha ziwe angalau mgongo, ubavu, kichwa, na viungo vya uzazi, kila moja na mstari wa kipimo.

Hatua ya 8: Jina

Majina ya wanyama yanatawaliwa na Kanuni za Kimataifa, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika Januari 1, 2000. Yanayokuhusu zaidi ni machache. Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini bila alama juu. Lisiwe limeshatumika kwa spishi nyingine ndani ya jenasi ileile. Likiwa kivumishi cha Kilatini, lifuate jinsia ya jenasi: Rhynchophorus ni ya kiume, kwa hiyo ni ferrugineus, si ferruginea. Ukimheshimu mwanamume mmoja, mara nyingi jina huishia -i, mwanamke, -ae. Kujipa jina lako mwenyewe hakukatazwi, ila utachekwa mpaka ustaafu.

Kuna uhuru mwingi kuliko watu wanavyodhani. Riedel na wenzake walichota baadhi ya majina ya Trigonopterus kwenye kitabu cha simu cha Papua New Guinea, na yote ni halali. Hata hivyo, jina linalotaja sifa au mmea humsaidia mtumiaji. Jina la mahali ni la hatari kidogo, maana fukusi akija kupatikana nchi nyingine, jina halibadiliki.

Jina la spishi hufuatwa na jina la aliyeieleza na mwaka, na hapo kuna alama ndogo ya kuangalia: Sitophilus granarius (Linnaeus, 1758) ana mabano, Sitophilus zeamais Motschulsky, 1855 hana. Linnaeus alimweka wake kwenye jenasi Curculio, akahamishwa baadaye. Motschulsky aliweka wake kwenye Sitophilus tangu mwanzo. Mabano yanamaanisha jenasi imebadilika, hayawekwi kwa mapambo.

Hatua ya 9: Holotaipu na kuchapisha

Chagua kielelezo kimoja kuwa holotaipu. Kwa fukusi chagua dume aliyepasuliwa, mzima na mwenye lebo kamili, hata kama kuna jike anayependeza zaidi. Mpe lebo nyekundu. Wengine uliowatumia wawe parataipu, kwa desturi lebo ya njano. Tangu mwaka 2000, bila kutaja waziwazi kielelezo kilichobeba jina, na bila kueleza holotaipu itahifadhiwa kwenye mkusanyiko gani, jina halitambuliki. Mkusanyiko huo uwe wa taasisi, usiwe kabati la nyumbani. Parataipu zigawe kwa taasisi mbili tatu tofauti, ikiwemo moja ya nchi alikotoka mdudu. Makumbusho nayo huungua.

Andika wazi kwamba ni spishi mpya, kwa alama ya "sp. nov." baada ya jina. Ukichapisha kwenye jarida la mtandaoni, kazi lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka na ushahidi wa usajili uonekane ndani yake. Sheria hiyo ipo tangu mwaka 2012. Usitangulize jina kwenye mitandao ya kijamii wala kwenye bango la mkutano. Halitakuwa halali, na litaanza kuzunguka bila maelezo.

Pamoja na makala, weka mfuatano wa COI kwenye hazina ya wazi, ukitaja namba ya kielelezo ulikotoka. Baada ya hapo watu watakuandikia. Wengine wataleta vielelezo vipya, na mmoja anaweza kuleta jina la mwaka 1890 ambalo hukuliona. Kama ni spishi ileile, jina la zamani ndilo litakalotumika na lako litaingia kwenye orodha ya visawe. Maelezo yako, picha zako na vipimo vyako vitaendelea kutumika chini ya jina hilo la zamani, kwa hiyo mjibu haraka na umtumie jedwali lako lote.